Mkono wa Mama kwenye Trei

Nyumbani kwetu biskuti za sikukuu hazikatwi kwa mdomo wa kikombe wala kwa kifuniko cha kopo. Tunakata mikono. Unga ukishasukumwa, mtu anaweka kiganja juu yake, anatanua vidole, na mwingine anampitishia ncha ya kisu pembeni. Mwenye mkono hajikatii. Bibi anasema mtu akijikatia anajipendelea. Zikishaiva zinapakwa rangi ya sukari, halafu tunabadilishana: wewe unakula mkono wangu, mimi nakula wako. Aliye mbali naye hukatiwa wake, akapewa yule anayemkumbuka zaidi.

Dada yangu alipoondoka kwenda kufanya kazi za ndani nchi ya mbali, alimwacha binti yake akiwa bado anatambaa. Mimi nilikuwa nimeshaacha shule, nashinda nyumbani na Bibi, kwa hiyo mtoto akawa wangu wa kubeba, kuogesha na kulala naye. Ilipofika sikukuu ya kwanza tukakata mikono yetu sote, trei ikabaki na nafasi. Bibi aliitazama ile nafasi mpaka unga ukaanza kukauka. Kisha akaniambia niweke mkono wangu kwa mara ya pili, maana mimi na Dada tumetoka tumbo moja na hakuna atakayeuliza. Nikaweka. Biskuti ilipopoa, Bibi akampa mtoto akamwambia huo ni mkono wa mama yake, ale.

Ikawa hivyo kila sikukuu.

Mtoto tulimpa jina la Kasuku, kwa sababu kila neno analolisikia analirudisha, hata yale ya majirani wanaogombana. Alikua akijua kwamba mama yake ana sauti, inayokaa kwenye simu, na ana mkono, unaotoka kwenye oveni. Ule mkono ulikuwa na alama. Kidole changu kidogo cha kulia kilibanwa na mlango nilipokuwa mdogo, kikapona kikiwa kimepinda kwenda nje. Kwenye biskuti kinaonekana zaidi kuliko kwenye mkono wenyewe, kwa sababu unga ukiiva unavimba. Kasuku alikuwa akila kiganja kwanza, kisha vidole vingine, na kile kilichopinda anakiweka mfukoni mpaka kinakuwa makombo.

Mimi nilikuwa nakula mkono wa Mjomba, tunayeishi naye. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye ule mwingine, nikijua kuwa ni wangu, na hata hivyo nikiutamani kama vile ungekuwa wa Dada kweli. Mama yetu alitutoka kabla sijabadilisha meno, na Dada ndiye aliyenisuka, akanifundisha kufua, akanitetea kwa watoto wa mtaani walioniita bubu. Si bubu, ni aibu tu. Alipokuwa akipiga simu nilikuwa nimejipangia maneno tangu asubuhi: nitamwambia hili, nitamwambia na lile. Simu ikifika mkononi mwangu maneno yote yanakimbia, nabaki na "nipo, Dada." Naye anacheka, anasema najua upo.

Mwaka huu akapiga kusema anakuja. Alikuwa amepata ruhusa ya kuishi na mtoto wake kule. Atakula nasi sikukuu, kisha ataondoka naye. Bibi alimuuliza itakuwaje mtoto akimkataa, maana hamjui. Kisha Dada akasema hatamburuza mtoto analia. Akikataliwa atarudi peke yake, na hataomba tena.

Tangu siku hiyo nikawa namsubiri Dada kwa hamu, na kwa hamu hiyohiyo namwogopa. Nguo za Kasuku nilikuwa nazinusa kabla sijaziloweka.

Alifika asubuhi ya siku ya kuoka. Alikuwa amekonda, na nywele zake amezikata. Alimkumbatia Bibi, akamkumbatia Mjomba, akaja kwangu akanishika mashavu kama zamani. Nililia begani kwake bila kutoa sauti. Kisha akapiga magoti na kumfungulia mikono binti yake. Kasuku alikuwa nyuma ya sketi yangu. Alimwangalia kwa jicho moja, akasema, "Shikamoo mgeni."

Dada aliitikia marahaba. Alinyanyuka taratibu, akapangusa vumbi lisilokuwepo kwenye magoti.

Mjomba ni fundi rangi. Mtaani wanamwita Rangi Mbili, kwa sababu siku moja kopo lilimwishia katikati ya ukuta wa watu, akaendelea na jingine lililokaribia rangi ile kidogo, na hadi leo anaapa kwamba wenye nyumba ndio waliotaka hivyo. Sukari ya kupambia huwa yeye ndiye mchanganyaji. Hamruhusu mtu kuligusa bakuli. Anainua kijiko, anaangalia inavyochuruzika, anaongeza tone la maji, anasema hii bado nzito, hii inafaa dari. Alipoona chumba kimenyamaza, akaanza kumtania Dada, akimuuliza kama huko aliko wanajua kupiga rangi au wanapaka tu.

Tukaanza kazi. Bibi alichapa siagi na sukari, mimi nikavunja mayai, nikakwangua ganda la limau, nikasukuma unga juu ya meza. Dada alisimama kando yangu akinisaidia kunyunyiza unga mkavu. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka kwa sabuni kali za kusugulia sakafu. Nilitaka kumwambia nimekukumbuka. Nikamwambia unga umebaki kwenye kopo la nyuma.

Ulipofika wakati wa kukata, Mjomba alimkata Bibi, Bibi akamkata Mjomba. Kasuku nilimkata mimi, akicheka kwa sababu kisu kinamtekenya. Kisha Dada akaweka mkono wake juu ya unga. Ulikuwa mrefu, vidole vimenyooka. Bibi alimkata polepole. Mimi nilikuwa wa mwisho, na Dada ndiye aliyenikata. Alipofika kwenye kidole kidogo alikizunguka kwa uangalifu, akatabasamu peke yake. Trei haikuwa na nafasi tena. Sikuwaza kitu kingine zaidi ya hicho, kwamba safari hii trei imejaa, na nadhani hata Bibi hakuwaza.

Zilipotoka kwenye oveni chumba kikajaa harufu ya siagi. Tuliziacha zipoe karibu na dirisha, na Mjomba akatugawia vifuko vya plastiki alivyovikata ncha. Kasuku alipanda kwenye stuli. Bibi akamwonyesha mkono mrefu kuliko yote, akamwambia huo ndio wa mama yako, na mwaka huu umekuja na mwenyewe.

Kasuku aliutazama. Akatazama trei nzima, akaweka kidole chake kwenye mkono wangu.

"Huo si wa mama," alisema. "Wa mama ni huu. Uliopinda."

Mjomba akaharakisha kusema kwamba vidole huweza kunyooka mtu akisafiri sana. Hakuna aliyecheka. Bibi alijishughulisha na kuifuta meza mahali palipokuwa safi. Dada aliitazama ile biskuti, kisha akautazama mkono wangu, nami nikauficha chini ya aproni, nikiwa nimechelewa.

"Mlikuwa mnampa wako," aliniambia. Hakuuliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

Alikaa kwenye kiti. Hakunikasirikia, ingekuwa afadhali. Alisema kwa sauti ya chini, akimwelekea Bibi, kwamba labda mtoto ana haki yake, amejichagulia. Amwache alipozoea. Akaanza kuuliza ni nani sasa hivi anayeuza tiketi za kurudi, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa.

Hapo nilielewa kwamba nikinyamaza tu, Kasuku ni wangu. Sikuhitaji kusema uongo wala kumshawishi mtu. Ningefanya kile ninachokifanya maisha yangu yote, ningekaa kimya, na usiku angelala ubavuni kwangu kama jana. Nilimwona Dada akikunja kile kifuko cha plastiki, anakikunja tena, na sukari inamtoka vidoleni bila yeye kujua. Nilikuwa nimemngoja kwa miaka yote ile. Sikumngoja ili aje kukaa hivyo.

Nikamshusha Kasuku kwenye stuli. Nikatoa mkono chini ya aproni, nikauweka juu ya biskuti iliyopinda.

"Angalia," nikamwambia. "Huu ni wangu. Ni wangu tangu mwanzo."

Alikilinganisha kidole na kidole. Aliinama hadi pua ikakaribia kugusa trei.

"Wa mama je?"

"Mama yako alikuwa mbali, mkono wake ulikuwa kazini. Tukaweka wangu ili nafasi isibaki tupu. Mwenye nafasi ndiye huyo."

Sijawahi kusema maneno mengi kiasi hicho mbele ya watu. Masikio yalikuwa yanachoma. Kasuku alinikazia macho kwa hasira, kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu, na nilijua nimestahili. Kisha akaubeba ule mkono mrefu kwa mikono miwili, akaenda nao mpaka kwenye kiti cha Dada.

"Weka tuone," alimwamuru.

Dada akaweka kiganja chake juu ya biskuti. Unga ulikuwa umevimba kama kawaida, kwa hiyo biskuti ilimzidi pande zote. Kasuku akaikagua hiyo tofauti, kona kwa kona, kwa ule uso wa Mjomba anapokagua ukuta.

"Umepungua," akasema.

"Nimepungua, mwanangu," Dada akajibu. "Kweli nimepungua."

Kasuku akavunja kidole gumba cha biskuti. Hakikuwa na sukari bado, rangi ilikuwa haijapakwa, jambo ambalo kwetu haliruhusiwi kabisa. Akakisogeza kwenye mdomo wa mama yake.

"Kula ukue."

Dada akala. Alitafuna kwa muda mrefu kitu kidogo kile, machozi yakishuka mpaka kidevuni, na Kasuku akiangalia ile mikono kwa makini kama kuna kitu kitaanza kuongezeka. Alipoona hakuna dalili, akavunja kidole kingine. Mjomba alilalamika kwamba watu wanakula nyumba kabla ya rangi. Bibi alimwambia anyamaze achanganye sukari.

Mchana kutwa hawakukumbatiana. Walikaa tu jirani. Kasuku alipaka kucha za kijani kwenye mkono wa Bibi na kumweleza mgeni wake kila kitu: kwamba Babu Rangi Mbili anakoroma, kwamba jirani ana deni la maji, kwamba mimi naogopa kuku. Dada alimwitikia kila neno. Mkono wangu wenye kidole kilichopinda ulibaki kwenye trei bila mtu kuugusa, nami nikaupaka rangi mwenyewe, nyeupe tupu, kwa sababu sikuweza kufikiria nyingine.

Jua lilipoanza kushuka nilikuwa nasugua trei kwenye beseni. Dada akaja na kitambaa cha kufutia. Kisha akasema Kasuku amekubali kulala naye usiku huu, kwa kujaribu tu.

"Niambie anavyolala, mdogo wangu," alisema. "Nisije nikakosea."

Nikamwambia. Maneno yalikuja bila kupangwa. Kwamba halali bila maji karibu, ingawa hayanywi. Kwamba shuka lisimfunike miguu. Kwamba akiota anaita majina, asimwamshe, amwitikie tu kwa sauti ndogo. Kwamba soksi ya kushoto anaivua na ya kulia anaiacha. Dada alikuwa anarudia kila kitu baada yangu, midomo ikitembea, kama anayekariri njia ya mahali asipopajua.

Kuna jambo moja sikumwambia. Usingizi ukianza kumchukua, Kasuku hutafuta sikio la aliye naye, akalishika kwa vidole viwili, na haliachii mpaka asubuhi. Usiku ule nililala upande wangu wa kitanda nikiwa nimeelekea ukutani. Sijui kama jambo hilo nililiacha ili Dada alipate mwenyewe gizani, bila kuambiwa na mtu, au kwa sababu nilitaka kubaki na kitu. Sikio langu lilikuwa baridi. Chumba cha pili, kupitia ukuta mwembamba, nikamsikia Dada akishtuka kidogo, kisha akanyamaza kabisa, kama mtu anayeogopa hata kupumua.