Kaunta ya Mama

Mimi ni fundi cherehani, na kazi yangu imenifundisha jambo moja kuhusu binadamu: ukimpima, anabana tumbo. Bibi harusi anabana, mzee wa heshima anabana, hata yule anayejisifu kwamba hana makuu anavuta pumzi akiona futi. Kwa hiyo mimi nikishapima humpigisha mtu soga kidogo, nikamuuliza habari za watoto wake, na akishalisahau tumbo lake napima tena kimyakimya. Kipimo hicho cha pili ndicho ninachokatia kitambaa. Nayatanguliza haya ili ujue kwamba lililotokea nyumbani kwangu, mimi ndiye niliyepaswa kuwa wa kwanza kuliona.

Mama yangu alikuwa mpishi wa shule ya bweni mpaka alipostaafu. Alilisha watoto wa watu kwa masufuria ambayo ningeweza kuogea ndani yake. Kisha akapigwa na kiharusi. Mikono ilirudi, ulimi nao ulirudi na makali yake yote, lakini miguu haikurudi. Tukamhamishia kwangu, tukamtafutia kiti cha magurudumu, naye akaanza maisha mapya ya kupika kwa mdomo. Mimi niko jikoni, yeye yuko sebuleni ananusa. Kitunguu kinaungua. Chumvi umeshatia, usirudie. Hiyo sufuria ifunike. Mume wangu akasema nyumba yetu ina redio isiyo na swichi.

Tulicheka, lakini baada ya muda redio ikaanza kunyamaza. Nikaunguza kitunguu makusudi, na mama asiseme neno. Chakula akawa anakichezea tu kwenye sahani. Nilipombana anieleze kinachomsumbua, alinijibu huku akitazama ukuta.

"Nataka kukaanga kitunguu changu mwenyewe. Nikishindwa hata hicho, basi hapa mimi ni mgeni tu, tena mgeni asiyeondoka."

Niliumia. Nampenda mama yangu kuliko ninavyojua kusema, na kumsikia akijiita mgeni ndani ya nyumba yangu kulinikosesha raha kabisa. Jiko letu lilikuwa la watu wanaosimama; kaunta zake zilimfika mama kidevuni. Nikaamua libomolewe, lijengwe lingine la kumfaa.

Hapa kuna jambo la kueleza. Mama hakutaka mtu wa nje amwone kwenye kile kiti. Mlango ukigongwa, nyumba nzima tuliingia kazini: mume wangu anambeba mama hadi sebuleni na kumkalisha vizuri, mimi natupia khanga miguuni pake, kiti kinasukumwa chumbani na mlango unafungwa. Mgeni anaingia, anamkuta mama ametulia na tabasamu lake, anaondoka akisifu afya yake. Tulikuwa tumeyazoea hayo hata hatukuyafikiria tena, kama mtu anavyozima taa akitoka chumbani.

Basi, nilipokwenda kwenye kampuni ya makabati nilisema mama yangu hupika amekaa, kaunta ziwe chini, na mbele pawe wazi magoti yaingie. Neno magurudumu sikulitamka, maana mama alishaniapisha. Nilijipa moyo kwamba atakayekuja kupima ataona mwenyewe. Siku ya kupima nilikuwa kwenye cherehani yangu, na mume wangu ndiye aliyempokea fundi. Niliporudi niliambiwa kila kitu kimekwenda sawa.

Fundi mwenyewe alikuwa mwanamume mrefu, mpole, penseli sikioni, na sauti ya mtu asiye na haraka na dunia. Mama alimbatiza jina la Bwana Kesho, na jina hilo alilichuma kwa jasho lake. Alianza kwa kung'oa jiko la zamani lote, sinki na kila kitu, halafu mbao zikawa hazijafika. Zilipofika, hazikuwa rangi tuliyochagua. Sinki likaja na tundu upande usio na bomba. Mara drili imeharibika, mara kaazimwa kwa mteja mwingine, na kila nikimuuliza jiko litakamilika lini, jibu ni lile lile. Sisi tunapikia kwenye korido, jiko la gesi juu ya stuli, vyombo tunaoshea bafuni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wetu jembe alikuja nalo mwenyewe, shida ilikuwa kulima.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba mama alimpenda. Akija tu, mama anakalishwa sebuleni, anaagiza fundi apewe chai, na wanaanza kupiga gumzo. Nikimkaripia fundi, mama ananiambia nimwache mtoto wa mwenzake apumue. Nilikwenda ofisini kwao nikamtolea uvivu meneja, mwanamke nadhifu mwenye ulimi wa asali, naye akanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka nikajikuta njiani narudi nyumbani bila kupata lolote.

Hata hivyo siku ilifika jiko likakamilika. Nasema likakamilika, lakini milango miwili ya kabati ilikuwa ikigongana kila ukiifungua, na droo moja ukiivuta inakuja yote mikononi. Sikujali. Bwana Kesho alipoaga nilikwenda kumchukua mama.

Nilimkuta amevaa aproni yake ya shuleni. Sikujua kama bado anayo. Ilikuwa imepauka, mfuko mmoja umeshonewa na mimi mwenyewe nilipokuwa najifunza kushona, mshono umekwenda upogo. Nikamsukuma hadi jikoni, kitunguu kimeshawekwa juu ya kaunta, kisu pembeni.

Mikono ya kiti ikagonga ukingo wa kaunta. Nikarudi nyuma, nikasogea tena, ikagonga tena. Nikamgeuza ubavu. Mama akanyoosha mkono kadiri ya uwezo wake, na vidole vikaishia ukingoni. Kitunguu kilikuwa pale pale mbele yake. Kaunta ilikuwa chini mno, kiti hakiingii, na mtu hawezi kupika akiwa mbali na meza yake kiasi hicho.

Mama alifungua aproni taratibu, akaikunja, akaiweka mapajani.

"Nirudishe sebuleni," alisema.

Damu ilinichemka. Asubuhi yake nilikuwa ofisini kwa meneja kabla hajavua miwani ya jua. Nilimwambia nimevumilia kuchelewa, nimevumilia milango inayopigana vichwa kama mbuzi, lakini hili sivumilii: fundi wake hajui kupima, na nisiposikilizwa nitakwenda ofisi ya malalamiko ya wateja na nitakaa mlangoni kwao mpaka wanichoke. Safari hii meneja hakutumia asali. Alisema milango na droo ni makosa yao na atayarekebisha. Kuhusu kaunta, atakuja kutazama mwenyewe pamoja na fundi. Fundi akiwa amekosea, watabomoa na kujenga upya. Kama hakukosea, kaunta inabaki ilivyo.

Walipogonga mlango tulifanya kama kawaida yetu. Mume wangu akambeba mama, mimi nikatupia khanga, kiti kikaenda chumbani. Nilikuwa nimekasirika, na bado mikono yangu ilifanya kazi hiyo yenyewe.

Meneja alifungua milango ya makabati, akaiona inavyogongana, akamtazama Bwana Kesho kwa jicho lililomfanya ainamishe kichwa. Akavuta droo ikamfuata. Kisha akauliza habari ya kaunta. Bwana Kesho hakubisha. Alitoka jikoni, akarudi na kiti kimoja cha meza yetu ya chakula, kiti cha mbao cha kawaida, akakiweka mbele ya kaunta na kukaa. Pamoja na urefu wake, magoti yaliingia chini bila shida.

"Mama nilimkuta amekalia hiki," alisema. "Nilimuuliza kama ndicho anachopikia, akasema ndicho. Nikampima hapo hapo."

Nilikitazama kile kiti, na ndipo nilipoelewa. Siku ile ya kupima mama alijua mtu anakuja kumwangalia amekaaje, na alikaa kwenye kiti cha watu wote, mgongo wima, khanga miguuni, akasubiri futi. Alibana tumbo. Mama yangu alibana tumbo, na mimi mwenye kuishi kwa kazi hiyo sikufikiria hata kuuliza.

Meneja hakujua lolote kati ya hayo. Alimgeukia Bwana Kesho, akamwambia amechoka naye: mara kuchelewa, mara milango, mara droo, na sasa mteja analalamika kwamba hata kupima hajui. Kama na kaunta kaharibu, arudishe vifaa vya kampuni leo hii na asionekane tena kazini. Kisha akaniuliza mimi, kwa upole kabisa:

"Dada, mama hukalia kiti gani akipika?"

Wote wawili walinitazama. Mimi si mtu wa kukosa maneno. Waulize wateja wangu. Lakini hapo kila jibu lilikuwa na mtu wa kumuumiza. Nikinyamaza, mtu anapoteza kazi kwa kosa lisilo lake. Nikisema, namvua mama nguo mbele ya wageni, tena kwa jambo pekee alilonisihi nimstiri. Nilimtazama Bwana Kesho amekaa kwenye kile kiti, penseli sikioni, hajitetei, na nikawa nashindwa kuchagua.

Sauti ikatoka sebuleni.

"Mwanangu, niletee kiti changu."

"Kipi, mama?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Hicho mlichokificha."

Nilikwenda chumbani nikakitoa. Nilipomfikia nilipiga magoti mbele yake na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba si lazima, nitawaambia kosa ni langu, kaunta ibaki, tutapikia korido maisha yetu yote. Nilimaanisha. Mama alinishika shavu kwa kiganja chake kikubwa cha mpishi.

"Mficha uchi hazai," alisema. "Na mimi nimeshazaa, tena nimezaa mtu wa kelele. Nibebeni."

Mume wangu akambeba. Mama akaweka mikono yake kwenye magurudumu, akakataa kusukumwa, akajipeleka mwenyewe hadi jikoni. Magurudumu yale hulia kidogo kwenye sakafu, na hakuna mgeni aliyewahi kuisikia sauti hiyo. Bwana Kesho alisimama haraka, akakiondoa kiti cha mbao njiani. Meneja naye aliusogeza mkoba wake kifuani na kukosa pa kutazama.

Mama alikwenda mpaka mikono ya kiti ikagonga ukingo. Akaacha wote waone.

"Baba, siku ile ulinipima nikiwa mgeni," alimwambia fundi. "Sasa nipime nikiwa mwenye nyumba."

Bwana Kesho alipiga goti moja sakafuni. Akachomoa penseli, akavuta futi, na akaanza upya kabisa: kutoka sakafuni hadi kwenye mkono wa kiti, upana wa magurudumu, urefu wa mkono wa mama ukinyooshwa. Alimwomba ajifanye anakata kitunguu, mama akakata hewa. Alimwomba ajifanye anakoroga, mama akakoroga. Wakati huo alikuwa akimuuliza habari za shule aliyopikia, na watoto wa pale walikuwa wanapenda nini, na mama akawa anaeleza huku anacheka. Alipokuwa katikati ya hadithi, fundi akapima tena kimyakimya. Nililiona hilo, na hasira yote niliyokuwa nimeibeba juu yake iliniisha pale pale.

Meneja alikuwa amepata sauti yake. Alisema kwa taratibu za kampuni kosa la kaunta si lao. Mama akamwambia ni kweli, si lao, ni la bibi mmoja mwenye kiburi. Meneja akakohoa, akasema hata hivyo milango na droo ni vyao, na kuchelewa ni kwao, kwa hiyo fundi atakaporudi kwa hayo ataiinua na kaunta, na kabati la chini litahamia pembeni. Kuhusu kurudisha vifaa hakusema tena. Nami nilimwomba radhi fundi, mbele ya bosi wake, kwa kusema hajui kupima. Alijibu kwamba hata yeye angefanya kama mama.

"Na utamaliza lini?" mama alimuuliza.

Bwana Kesho alifungua mdomo, akaufunga. Hata meneja alicheka.

Hakumaliza kesho, usidanganyike. Lakini kaunta ilipanda, na kiti kikaingia chini yake kama droo iliyopimwa vizuri. Siku mama alipokaanga kitunguu chake cha kwanza, nilikaa sebuleni kwenye nafasi yake, nikanusa, nikamwambia kinaungua. Akaniambia nishughulike na nguo za watu.

Ulibaki mlango mmoja wa kabati wa kurekebisha. Jioni moja tulikuwa wote nyumbani, mara mlango wa mbele ukagongwa. Mume wangu aliinuka, mimi nikanyakua khanga, tukakimbilia jikoni kama watu wanaozima moto. Nikashika mishikio ya kiti ili nimvute mama nyuma. Hakikusogea, alikuwa amekiwekea breki.

Alikuwa ametugeuzia mgongo, aproni imefungwa, kijiko mkononi, mafuta yanalia kwenye kikaango.

"Mfungulieni," alisema bila kugeuka. "Mwambieni aje huku huku, mimi nina kazi."