Dawa Isipate Joto

Mimi nina mdomo, mtaa mzima unajua. Jambo moja tu nimewahi kulimeza, na mpaka leo linanikwama kooni.

Mume wangu ni kinyozi, na hata mimi namwita Kinyozi. Alizaliwa na mifupa laini, inayoweza kupata ufa kwa kusimama tu. Ugonjwa wenyewe ni adimu, daktari wetu na mvi zake zote alikuwa hajawahi kumtibu mwingine. Kinyozi alijikaza kisabuni miaka na miaka, ananyoa huku ameegemea ukuta, mpaka ilipokuja dawa ya sindano. Ilikuwa ya msaada, nafasi moja tu kwa hospitali nzima. Alijichoma mwenyewe, leo tumboni, keshokutwa pajani, na pale palipochomwa palibaki na uvimbe mgumu. Lakini alisimama, jamani. Alinyoa kutwa, akarudi nyumbani anapiga mluzi, nikamwambia aache kujitia kijana.

Nesi alitukazania jambo moja: dawa ikae kwenye friji, isipate joto. Kama alitaja na barafu, sisi hatukusikia. Hofu yetu yote ilikuwa kwenye joto, maana umeme wetu tunaujua.

Baba mkwe alipofariki, mama mkwe akahamia kwetu. Yule mama hajui kukaa bure. Hata begi hajafungua vizuri, friji ikawa yake. Anaifuta, anaipanga, nami nikigusa jagi la maji nasikia kikohozi nyuma yangu. Nikalalamika, Kinyozi akacheka, akasema nishukuru nimepata mlinzi bila mshahara. Asubuhi mimi nawahi cherehani yangu, kwa hiyo mama ndiye aliyekuwa akimpa mwanawe kichupa mkononi.

Baadaye maumivu yakarudi. Mwanzoni Kinyozi alificha, akasingizia viatu. Kisha akarudi kwenye ukuta wake. Mwisho paja likapata ufa, akaletwa nyumbani amebebwa na wateja, mmoja wao kanyolewa nusu kichwa. Mwenyewe alimtazama yule mtu akacheka, huku machozi yanamtoka.

Daktari akapima damu, akapiga picha. Akasema dawa haifanyi kazi tena, mwili umeikataa, na nafasi ile anapewa mtoto wa kike aliyekuwa akisubiri. Tuje wiki inayofuata kurudisha vichupa vilivyobaki.

Jioni ile mama mkwe alilia mpaka sauti ikakauka. Halafu akaanza kujitetea, na wala hakuna aliyemlaumu. Akasema dawa ile haikupata joto hata kidogo. Kila tulipolala aliipandisha kwenye friza, ikaganda kabisa, na alfajiri akaishusha iyeyuke kabla hatujaamka.

"Kila siku, mama?" Kinyozi akauliza.

"Kila siku, mwanangu. Ningeachaje?"

Kulipokucha nikatoka nje, nikampigia nesi simu. Akaniambia dawa ikishaganda imekufa, hata ikiyeyuka haina nguvu. Akaenda kumweleza daktari. Daktari alisikitika sana, lakini mtoto alishaandikishwa, na huwezi kumnyang'anya mtoto. Nikarudi ndani damu inanichemka. Kinyozi akanishika mkono kabla sijafungua kinywa.

"Usimwambie," akasema. "Miguu imeshakwenda. Mama yangu niachie."

Nikaapa. Nilimchukia mama yule, nikamchukia na mwanawe kwa kunifunga mdomo, na usiku nikawapakulia chakula wote wawili.

Siku ya kurudisha, mama mkwe aling'ang'ania kuja. Kwenye benchi nje ya chumba cha daktari tulimkuta mama kijana amempakata binti mwenye miguu iliyopinda, na boksi jipya la dawa lipo ubavuni mwake. Hatukuhitaji kuambiwa ni nani. Mama mkwe akajisogeza, akamwekea mkono gotini, akaanza kumfundisha. Friji peke yake haitoshi, alimwambia, umeme ni muongo, usiku aipandishe kwenye friza ndiyo itakaa salama. Yule mama kijana alikuwa anaitikia kwa kichwa, anashika kila neno.

Nikamtazama Kinyozi. Macho yamemtoka pima. Mimi nilishaapa, zamu ilikuwa yake.

"Mama," akasema, "usimfundishe hivyo. Barafu inaiua."

Mama mkwe akageuka. Alimtazama mwanawe usoni, akayatazama magongo yake, akalitazama paja lililofungwa. Hakuuliza amejua tangu lini. Akamgeukia tena yule mama kijana, mkono wake bado uko gotini pale.

"Umesikia, mwanangu?" akasema polepole. "Usiiweke kwenye barafu. Mimi niliiweka."

Siku hizi Kinyozi ananyoa akiwa amekaa kwenye kigoda, na kichwa anachokifikia ni cha mtoto tu. Watu wazima wamehamia kwa jirani. Mama mkwe hagusi friji. Akitaka maji ya baridi ananiomba mimi, kwa adabu, kama mgeni, nami nampelekea.

Juzi alikuwa amekaa pale jikoni. Nikaifungua friji makusudi, nikalitikisa jagi, nikasubiri. Hakukohoa.