Kamba za Fundi Kimya

Fundi Kimya alizikwa Jumatatu, na kabla wiki tatu hazijatimia, mwenye nyumba akatuma salamu za pole zilizobeba na jambo jingine: chumba cha kushonea kimepata mpangaji, tafadhali kiwe wazi kufikia Ijumaa. Basi Alhamisi asubuhi binti mkubwa wa marehemu alikuja kumalizia kazi ambayo mdogo wake wa kiume alikuwa ameianza jana yake. Mtaa mzima ulimwita binti huyo Kifungo, tangu alipokuwa akitambaa chini ya cherehani akiokota vifungo, na sasa alikuwa na wajukuu.

Alipofungua mlango alikwama kizingitini. Ukuta wa nyuma ulikuwa mtupu. Misumari ilikuwepo, safu kwa safu, lakini haikushika kitu.

"Kamba ziko wapi?"

"Nimekurahisishia, dada," mdogo wake akasema, akiyasukuma kwa mguu magunia mawili pembeni. "Zote zimo humo. Yaani baba alikuwa na kamba! Tukiziunga tunaweza kumfunga tembo na mtoto wake. Mchana nazitia kiberiti."

Kifungo akaketi kwenye benchi la wateja. Hakumgombeza. Mdogo wake alizaliwa nyuma sana. Alipopata akili, watu walikuwa wameshazoea kununua nguo zilizoshonwa tayari, na baba yao alikuwa mtu wa kubadilisha zipu na kupunguza suruali tu. Angejuaje?

Zamani mtu hakununua nguo, alinunua kitambaa. Alikibeba kwapani kikiwa kimekunjwa ndani ya gazeti, akaja kuketi kwenye benchi hili hili na kungoja zamu. Wiki ya kufungua shule foleni ilitoka nje, ikapita duka la fundi redio, ikakunja kona. Cherehani ililia tangu asubuhi. Fundi redio naye alikuwa akijaribu redio za watu, hivyo benchi zima lilisikia nusu ya taarifa ya habari, robo ya wimbo, kisha mkwaruzo. Kazi ya Kifungo ilikuwa kupepea pasi ya makaa mlangoni mpaka makaa yawe mekundu. Na saa nne hivi, baiskeli ya mtu wa posta ilikuwa ikitokea mwisho wa mtaa. Kengele ikilia mara moja, anapita tu. Ikilia mara mbili, ana barua ya mtu. Kwa hiyo kengele ya kwanza ilipolia, wanawake wote benchini walinyamaza, aliyekuwa akisengenya akaacha neno katikati ya ulimi, hata baba aliondoa mguu kwenye cherehani, na mtaa mzima ukashikilia pumzi kungoja kengele ya pili. Kifungo hakuwahi tena, popote alipoishi, kusikia kimya kama kile.

Baba aliitwa Kimya kwa sababu ya pini alizozibana midomoni kutwa. Lakini kulikuwa na sababu nyingine. Futi ya fundi alikuwa nayo shingoni, ila aliitumia kupimia vitambaa. Watu aliwapima kwa kamba. Mafundi wengine walikuwa wakitaja kwa sauti, kiuno thelathini na nane, na mwanafunzi wao akiandika, na benchi zima likisikia. Baba alisema mwili wa mtu si tangazo. Alizungusha kamba, akabana kwa kidole, akafunga fundo, basi. Kila mtu alikuwa na kamba yake moja ya maisha yake yote. Mwanzo wake ulikuwa na fundo nene aliloliita kichwa. Kutoka kichwani, fundo moja lilikuwa kifua, mafundo mawili yaliyoshikana kiuno, matatu urefu wa nguo. Mwili ukibadilika hakutupa kamba. Alifunga mafundo mapya, akayazungushia uzi wa ile nguo aliyoishona siku hiyo. Kamba zilitundikwa kwa mpangilio wa nyumba, kama mtaa ulivyopangwa. Msumari wa nyumba ya kona, msumari wa nyumba yenye mlango wa bluu, na kadhalika. Hapakuwa na jina hata moja.

Na sasa nyumba zote zilikuwa zimechanganyika ndani ya magunia.

"Hodi wenyewe."

Aliyebisha alikuwa mzee mrefu, mwembamba, amevaa koti lililopigwa pasi mpaka likang'aa. Kifungo alimtambua kwa namna alivyouacha mguu wa kulia ukining'inia kidogo kabla ya kuuweka chini, kama mtu anayeshuka kwenye baiskeli.

"Shikamoo, Mzee Barua."

"Marahaba, mwanangu. Poleni sana. Baba yenu alinishonea sare ishirini na mbili, na hakuna hata moja iliyonibana kwapani." Akaketi, kofia magotini. Akaizungusha, akaizungusha tena. "Nina ombi. Likiwa la kijinga niambieni tu, mimi nimeshazoea kufukuzwa na mbwa."

"Sema, mzee."

"Mke wangu. Ametutoka miaka thelathini na tisa sasa. Nimebaki na picha yake moja, ile ya kitambulisho. Uso tu, mdogo kama stempu. Juzi mjukuu kaniuliza, babu, bibi alikuwa mrefu au mfupi? Nikafungua mdomo." Akaufungua kweli, kisha akaufunga. "Nakumbuka anwani za mtaa mzima. Lakini mke wangu, mwanangu, nimemsahau kuanzia shingoni kwenda chini. Ndipo nikakumbuka kwamba fundi hatupi kamba."

Mdogo wake Kifungo akatazama magunia, kisha viatu vyake. "Mzee," akasema polepole, "jana zilikuwa ukutani."

Kifungo alisita. Aliwahi kumwona baba akimrudisha mwanamke aliyetumwa na shoga yake kuchukua kamba ya mwingine. Kamba ya mtu ni mwili wa mtu, alisema, haiazimwi. Lakini mzee huyu hakuja kuazima. Akalivuta gunia la kwanza, akalimwaga sakafuni.

"Alivaa rangi gani?"

"Kuanzia lini?"

"Tuanzie na nguo za mimba. Kiuno hapo kinaenda mbali. Haiwezi kufichika."

Mzee Barua akafumba macho. Hapo hakusita hata kidogo. "Mtoto wa kwanza, gauni la njano. Wa pili, kijani, kijani ya jani la mgomba. Wa tatu, rangi ya damu ya mzee, nalo alilichukia, alisema linamfanya aonekane kama sanduku la posta."

Mdogo mtu akacheka, akajizuia, kisha akaona mzee naye anacheka.

Walipiga magoti sakafuni wote watatu. Kamba zilikuwa mamia. Kifungo alizipitisha vidoleni, na kadiri alivyozipitisha ndivyo mikono yake ilivyozidi kwenda taratibu. Alikuwa ameishi nazo utoto wake wote na hakuwahi kuzisoma. Hii ilikuwa ya mtoto: mafundo matatu ya urefu yakipanda kila mwaka, kidole kimoja, nusu kidole, kisha ghafla kwa mkupuo mmoja vidole vinne, mtu amebalehe. Hii ilikuwa ya bonge fulani ambaye kiuno chake kilianza kurudi, kikarudi, kikarudi, mpaka kikapita pale kilipoanzia, ugonjwa huo. Hii ilikuwa na kifua kilichopungua ghafla huku kiuno kikibaki palepale, titi moja limekatwa. Mtaa mzima ulikuwa sakafuni, walioondoka na waliolala makaburini, wakinenepa na kukonda na kurefuka, na hakuna aliyekuwa amewatangaza.

"Dada," mdogo wake akaita. Sauti yake haikuwa na mzaha. "Njano. Kijani. Na hii ni damu ya mzee au nyeusi?"

Kifungo akaipeleka dirishani. Ilikuwa damu ya mzee. Mafundo mawili mawili ya kiuno, mbali na kichwa, jozi zote tatu karibu karibu. Akamwomba mzee asimame, akashusha yale mafundo matatu ya urefu mpaka chini kidogo ya goti lake, pale magauni ya wakati ule yalipokomea, akainyoosha kamba kwenda juu. Kichwa cha kamba kikagota kwenye mbavu za mzee.

"Hapo ni bega lake," Kifungo akasema. "Ongeza shingo na kichwa."

Mzee Barua akaweka kiganja hewani, akakishusha, akakipandisha kidogo, kikatulia mbele ya kifua chake. Akakiangalia kiganja chake mwenyewe kama mtu aliyekuta mtu amesimama chini yake.

"Mfupi," akanong'ona. "Kumbe alikuwa mfupi! Na jinsi alivyokuwa akinigombeza, ningeapa aliinama kupita mlangoni."

Kisha kidole chake, kilichozoea kupapasa bahasha, kikapita mafundo ya njano, ya kijani, ya damu ya mzee, kikasimama. Baada yake palikuwa na mafundo mawili mengine, mbali kuliko yote, yamezungushiwa uzi wa samawati.

"Hili silijui," akasema.

Mtaa mzima ulijua kwamba alifariki na mimba ya mtoto wa nne, ya miezi saba, na kwamba mumewe alikuwa safarini na mifuko ya barua.

"Alikuja kupimwa nikiwa njiani." Mzee akaugusa uzi wa samawati. "Alitaka nirudi nimkute na gauni jipya."

Akakichukua kichwa cha kamba kwa vidole viwili, akakileta taratibu mpaka kikagusa lile fundo la samawati. Kamba ikawa duara. Lilikuwa kubwa, la mviringo mzuri, likining'inia mbele ya koti lake. Chumba kikawa kama kimepungua nafasi. Mdogo wake Kifungo, aliyekuwa amesimama katikati ya sakafu, akarudi nyuma hatua moja kupisha, mgongo ukagusa ukuta.

Mzee Barua akalisogeza duara karibu na tumbo lake. Mkono mmoja ukabaki kwenye fundo. Wa pili akauzungusha kwa nje, bila kuigusa kamba, kwa uangalifu, mpaka pale ambapo mgongo ungekuwa.

"Hapa," akasema, "walikuwa wawili."

Kifungo akamshika mdogo wake mkono. Wakatoka nje, wakaurudishia mlango bila kuufunga.