Protini Zinazomshika Nduta

Ngurario ya Nduta, sherehe ya ndoa ya Wakikuyu, ilikuwa imekaribia, na mdomo wake umejaa vidonda tangu Januari. Siku hiyo mchumba wake, Otiende, angemkatia nyama ya bega la mbuzi mbele ya wazee, naye aile. Bibi harusi asipokula, Kitengela nzima ingesema amemkataa bwana. Nduta alimpenda Otiende mno, lakini hata uji vuguvugu ulimtoa machozi.

Malengelenge yalipomtokea mgongoni, mama yake, Rahab, hakubabaika. Mvua ilikuwa imenyesha, na wale wadudu wekundu wenye mikanda myeusi, wanaobabua ngozi, walijaa ukutani.

"Hii ni Nairobi fly tu," alisema, akampaka dawa ya meno. Majirani waliafiki, na mdudu wa watu akasingiziwa mwezi mzima.

"Na mdomoni, mama, aliingia akitafuta nini?" Otiende aliuliza kwa adabu. Akampeleka Nduta Kajiado, kwa daktari wa ngozi aitwaye Adero.

Adero aliweka kidole gumba kando ya lengelenge, akasukuma taratibu. Ngozi ikateleza. Nduta alishikwa na hofu kubwa. Daktari akachukua kipande cha ngozi kikapimwe.

"Seli za ngozi zinashikana kwa protini," aliwaeleza majibu yalipotoka. "Sasa kinga ya mwili wako imekosea, inafikiri hizo protini ni adui, inazishambulia. Tuko na dawa ya kuituliza, lakini itachukua muda. Usiiache ukiona nafuu."

Nduta alitoka akiitazama mikono yake. Alikuwa amefua, amebeba maji, ameanguka kwenye kokoto utotoni, na siku zote hizo vitu asivyoviona vilimshikilia bila kudai ahsante. Aliviheshimu kuliko alivyowahi kumheshimu mtu.

Rahab aliahirisha sherehe. Watu walisema yao, naye akawaacha waseme. Kila asubuhi alimpa bintiye vidonge kwa mkono wake, na habari za mdudu hazikutajwa tena nyumbani humo.

Mbuzi alichinjwa Agosti. Otiende alikata kipande kidogo kama punje ya hindi. Nduta akakitafuna polepole, akingoja maumivu. Chumvi ilipita shavuni, ufizini, kooni. Hayakuja. Rahab alikuwa ameziba mdomo kwa leso.

"Hii ni ya kulisha kuku," Nduta akasema. "Kata kubwa."