Tyubu ya Orlene na Kambare wa Shemeji

Katika Ziwa Cutler hakuna mwanamke aliyevua kambare wengi kuliko Orlene Huckaby. Hayo huyasema mwenyewe, kanisani, dukani na kwa daktari wa magoti, na hakuna aliyewahi kumbishia. Halafu huongeza, kabla hujafunga mdomo, kwamba wanawake wengine wa huku wana akili timamu na hawaingii kwenye maji ya baridi kiasi kile mwezi wa Aprili. Kwa hiyo miaka yote hiyo ameshindana na nafsi yake tu, na mara mbili ameshindwa.

Jumamosi ya karamu ya wazimamoto aliamka mapema kuliko majogoo ya jirani, akavaa suruali yake ya mpira inayopanda hadi kwapani, akavaa jaketi la kuelea, akakaa kibarazani na kopo la chambo mapajani. Ndani ya kopo mlikuwa na maini ya kuku na jibini ya zamani, vilivyokaa juani mpaka paka wa nyumba akahama. Alikuwa anamngoja shemeji yake Burl, mdogo wa marehemu mumewe, Vester, na kungoja kwenyewe kulimkera. Zamani hakumngoja mtu.

Kisa kilikuwa cha msimu uliopita wa majani kupukutika. Upepo ulimsukuma yeye na tyubu yake hadi ng'ambo ya ziwa, na Gaylon, mwanawe wa pekee, ambaye ndiye mkuu wa wazimamoto wa kujitolea, alikwenda kumtoa kwa boti. Alikwenda na king'ora kinalia, kana kwamba ziwa linawaka moto. Mji mzima ulitoka kutazama.

"Mama," Gaylon alimwambia walipofika nchi kavu, "kuanzia leo huingii majini peke yako. Utakwenda na baba mdogo Burl. Na likitokea jambo, jambo lolote lile, tyubu hiyo inaingia kwenye mnada wa karamu."

Orlene alikubali. Hakuwa na la kufanya. Tyubu yenyewe ilikuwa mpira wa ndani wa gurudumu la trekta, Vester akaushonea kiti cha turubai chenye matundu mawili ya miguu. Mnadani isingefika bei ya sahani ya kabichi. Lakini nchi kavu Orlene alitembea kwa fimbo, na kwa maneno ambayo mke wa mchungaji alijifanya hayasikii. Akishaketi ndani ya tyubu, miguu ikining'inia majini na mapezi ya mpira vidoleni, magoti yalinyamaza. Hapakuwa na mahali pengine duniani yaliponyamaza.

Burl alifika na tyubu ya dukani, ya kijani, yenye kiti cha kuegemea na tundu la kikombe. Kifuani alikuwa amejitundikia filimbi, mkasi, tochi, koleo na vikorokoro vingine vipya vilivyogongana kama njuga za mcheza ngoma.

"Shemeji," Orlene alisema, "unakwenda kuvua au unakwenda kuoa?"

"Cheka tu. Leo aproni ni yangu."

"Afadhali. Angalau tutafunikiwa hilo tumbo."

Kila mwaka, anayeleta kambare mkubwa kuliko wote asubuhi ya karamu huvaa aproni nyekundu ya kituo cha zimamoto, akatumbukiza samaki wa kwanza kwenye mafuta watu wote wakipiga makofi. Vester aliivaa mara nyingi mpaka ikachukua umbo lake. Burl hakuwahi kuivaa ila siku moja tu, alipotumwa kuipeleka kufuliwa, akaivalia ndani ya gari.

Waliingia majini jua likichomoza. Mtu wa tyubu hupiga mapezi na kwenda kinyumenyume, akitazama alikotoka, kwa hiyo shemeji hao wawili walivuka ghuba ndogo wakiyatazama magari yao yakizidi kuwa madogo. Msituni miti ilikuwa imechanua maua ya zambarau kabla ya kuota majani. Walikuwa wanakwenda kwenye miti wanakojenga viota ndege korongo. Korongo ni wazazi wazembe: kila wakileta samaki kwa ajili ya vifaranga, mmoja huponyoka, na kambare hukaa chini wakimngoja. Visivyo samaki huanguka pia. Kwa hiyo hapo watu huvua wakiwa na kofia pana na mdomo uliofungwa, na Burl alijaliwa kofia tu.

"Kaka Vester alikuwa anakaa upande huu," alisema. "Mimi nakaa upande ule. Samaki wakubwa hawapendi... Ptuu!"

"Nilikuambia ufunge mdomo."

"Si ndege huyo!"

"Ndege ana haki zake. Wewe ndiye mgeni."

Orlene alipata watatu kabla baridi ya maji haijapenya kwenye suruali. Kila aliyemshika alimkata ncha za miiba kwa koleo, ule wa mgongoni na miwili ya mbavuni, tk, tk, tk, ndipo akamtunga kwenye kamba ya mtungo iliyofungwa ubavuni mwa tyubu. Huku kwetu mtoto hufundishwa kukata miiba kabla hajafundishwa sala, maana Mungu husamehe, lakini mwiba wa kambare ukikutana na mpira uliojaa upepo hausamehe.

Kisha ufito wa kuvulia wa Burl ukapinda mpaka ncha ikanywa maji.

Samaki alimzungusha Burl kama sahani ya santuri. Mara uso, mara kisogo, mara uso tena, na kila alipotokea uso alikuwa anapiga kelele ya jambo jingine. Orlene aliuvuta mshipi wake akatulia kutazama. Mwishowe Burl alimkumbatia kambare mwenye kichwa kipana kama sepetu, na ndevu zake zikamgusa shavuni.

"Shemeji! Huyu namtunga kwenye mtungo wako!"

"Wako uko wapi?"

"Nimeusahau kwenye gari."

"Tochi umeikumbuka, jua lote hili. Mtungo umeusahau."

"Anateleza huyu, shemeji, usinifanyie hivyo!"

Alikwisha kuja kinyumenyume hadi begani mwa Orlene, upande wa kushoto, ambako mtungo ulikuwa. Shingo ya Orlene, sawa na magoti yake, ilikuwa na mipaka, na upande wa kushoto ulikuwa nje ya mipaka hiyo.

"Umemkata miiba?" aliuliza, akitazama mbele.

"Nimemkata. Kwani mimi mtoto?"

Burl akamtunga samaki wake, akarudi mahali pake, akamimina kahawa, akaiweka kwenye lile tundu la kikombe. Akaanza kueleza jinsi atakavyoifunga aproni, fundo likae mbele au nyuma. Alikuwa bado hajaamua Orlene aliposikia sauti ndogo, nyembamba: tssss.

"Shemeji, heshima basi. Kuna mwanamke hapa."

"Si mimi!"

"Basi ni maini."

Hayakuwa maini. Viputo vilikuwa vinapanda ubavuni kushoto, kimoja kikimfukuza mwenzake, na tyubu ilianza kuegemea upande huo kama mlevi anayetafuta ukuta. Maji yalifika kiwikoni. Jaketi la kuelea lilikuwa limefungwa vizuri, Gaylon alikuwa amehakikisha hilo, kwa hiyo kuzama hakukuwa hoja. Orlene alivitazama viputo na hakufikiria kifo. Alifikiria mnada. Aliiona tyubu ya Vester kwenye bwawa la mtu, na mtoto wa mtu amekaa ndani yake akila pipi.

Burl alileta kamba, akamfunga, akaanza kumvuta. Avutaye kwa tyubu naye huenda kinyumenyume, kwa hiyo njia nzima humtazama anayevutwa, na anayevutwa hana pa kutazama ila kwake. Orlene alipata nafasi ya kumkagua shemeji yake kuanzia kofia iliyopakwa chokaa ya korongo, kushuka kidevuni, kushuka kifuani. Hapo kifuani macho yake yalikaa kidogo.

"Tutamwambia nini Gaylon?" Burl aliuliza, akihema.

"Ukweli."

"Ukweli upi?"

"Kwani una mingi?"

Burl alipiga mapezi kwa muda.

"Mimi ni shemasi, Orlene. Siwezi kumdanganya mtoto."

"Wala sijakuomba."

Gaylon alikuwa anangoja ufukweni. Nyuma ya pikapu alikuwa ametundika mizani, na aproni nyekundu ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya boneti. Alipoona mama yake anavutwa kama gogo aliingia majini na viatu vyake vyote, akamshika, akamtoa. Kisha akaiinua tyubu. Ilining'inia mikononi mwake kama pochi siku ya kufunga mwezi.

"Nini tena?"

Burl hakungoja hata kuvua mapezi. "Mama yako, Gaylon. Kambare wake katoboa tyubu. Nilimwambia akate miiba, lakini mama yako unamjua."

Gaylon akamtazama mama yake. Mama yake akayatazama magoti yake, ambayo yalikwisha kuanza kusema.

"Mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana."

"Basi inakwenda mnadani leo. Samahani." Akaitupa nyuma ya pikapu, juu ya viti vya kukunja na taa mbovu vilivyokuwa vinangoja mnada.

"Sawa, mwanangu. Ila tupime samaki kwanza. Watu watakuwa wamekwisha kuchemsha mafuta."

Akakaa kwenye ukingo wa pikapu, mtungo mapajani, akaanza kuwatoa samaki wake polepole, mmoja baada ya mwingine, akiwapanga ubaoni. Gaylon aliwapima wote watatu. Walikuwa samaki wa kawaida, wa kula na mkate wa mahindi, si wa kupigiwa makofi. Akabaki yule mkubwa.

"Na huyu?" Gaylon aliuliza.

"Mimi nitajuaje?" alisema Orlene. "Atakuwa wangu pia. Si alikuwa kwenye mtungo wangu? Na baba yako mdogo kasema aliyetoboa tyubu ni kambare wangu. Wale watatu hawawezi kutoboa hata mkate. Mpime, halafu niletee hiyo aproni."

Burl alimtazama samaki. Akaitazama aproni. Ilikuwa karibu, na jua lilikuwa limeipata vizuri.

"Wako?" alisema. "Wako vipi? Mimi ndiye niliyepigana naye! Nusura anizamishe! Ni wangu huyo, Gaylon, mpime, mpime!"

Gaylon akampima. Mshale wa mizani ulishuka mahali ambapo haukuwa umefika tangu enzi za Vester. Burl alikuwa amekwisha kuishika aproni, anatafuta kamba zake, Gaylon alipotia mkono kumshusha samaki.

"Aa!"

Akautoa mkono haraka. Damu ilikuwa inamtoka kidoleni. Aliinama, akautazama ule mwiba wa ubavuni, mzima, mrefu, umechongoka, na kwenye ncha yake kipande cha mpira mweusi kidogo kama ukucha wa mtoto. Kisha akawatazama samaki watatu ubaoni. Miiba yao yote ilikuwa imekatwa, tena imekatwa sawasawa, kama Gaylon mwenyewe alivyofundishwa na baba yake.

Alipanda nyuma ya pikapu, akaitoa tyubu kwenye vile viti na taa, akaiweka ubavuni kwa mama yake.

"Hii inataka kiraka tu," alisema.

Kisha akamgeukia Burl, ambaye alikuwa ameivaa aproni nusu.

"Baba mdogo, huyu hukumkata miiba."

"Nilimkata," alisema Burl.

"Huu hapa, mzima."

"Basi utakuwa umeota tena. Samaki wa majira haya wana nguvu."

"Ulimkata kwa kitu gani, shemeji?" Orlene aliuliza, kwa upole mwingi.

"Kwa koleo! Kwani nina meno ya mamba? Kwa koleo langu hili hapa!" Akaingiza mkono chini ya aproni, akalivuta kwa kamba yake, akaliinua juu ili mama na mwana walione vizuri, nao wakaliona vizuri sana, jinsi lilivyometameta juani ndani ya nailoni yake ya dukani, ambayo bado haikuwa imefunguliwa.