Aliyepewa Nafasi Kubwa

Tulia aliponipigia simu ofisini kuniuliza kama nimekula, nilikuwa nimebakiza farasi sita.

Nieleze kwanza, maana watu wa kwetu wakisikia kazi yangu hucheka mpaka wakashika mbavu. Naitwa Evodius, mtu wa Kamachumu, na mshahara wangu unatokana na farasi wanaoruka viunzi. Sijawahi kumpanda farasi hata mmoja. Kwetu ukiona farasi anapita barabarani, ujue umelewa. Nilikuja Minnesota kusoma takwimu, nikamaliza, nikaajiriwa na kampuni ndogo pale Saint Louis Park inayoandika uchambuzi wa mbio kwa ajili ya magazeti ya Uingereza. Wao wakifunga ofisi zao jioni, sisi huku ndiyo kwanza mchana, na asubuhi wakiamka wanakuta kila kitu tayari. Tulia ni mke wangu, na yeye huwaambia watu kanisani kwamba nafanya kazi ya kompyuta.

Kazi yenyewe si uchawi. Unaletewa orodha ya farasi watakaokimbia Jumamosi, unamtazama mmoja mmoja. Ana umri gani, mara ya mwisho alimaliza wa ngapi, anapenda tope au analichukia. Amebebeshwa uzito kiasi gani, kwa sababu katika mbio hizi aliye hodari huongezewa mzigo ili na wanyonge wapate pa kupumulia. Halafu unaandika mistari minne, mitano, na mwisho unamtaja atakayeshinda. Basi. Wanaoanguka ni wengi kuliko wanaofika, na hilo huwa halituhusu.

Ijumaa ile ya Aprili, mwaka 2006, kesho yake ilikuwa mbio kubwa kuliko zote za msimu, farasi arobaini, maili nne na ushee. Majina yao ya Kiingereza ni ya kipuuzi, mimi huwaandika daftarini kwa Kiswahili. Aliyepewa nafasi kubwa alikuwa Mjomba Mkimya. Alikuwa ameshinda mara tatu mfululizo na mvua ilikuwa imenyesha tangu Jumanne, nalo tope ndilo lake. Nyuma yake walikuwepo Kengele ya Jumatatu na Sufuria la Shaba. Katika mbio hizi anayepewa nafasi kubwa hushinda mara chache sana. Huwa nawaonya wasomaji hivyo kila mwaka, na kila mwaka nawapa huyohuyo.

“Umekula?” Tulia akauliza.

“Nile nini saa nne asubuhi?”

“Nauliza tu. Utarudi mapema?”

“Nina farasi sita hapa, mama.”

“Evo, rudi mapema.” Akakata simu.

Miaka kumi na moja ya ndoa, huyu mwanamke hajawahi kuniuliza kama nimekula nikiwa ofisini. Nikaiacha hiyo, nikarudi kwa farasi. Haikupita nusu saa nikaambiwa nina mgeni. Kutoka nje namkuta Nasibu, rafiki yangu wa Tanga anayefanya kazi benki, na tai yake shingoni, Ijumaa, saa ambayo alitakiwa awe kazini au anajiandaa kwenda msikitini.

“Nimekuja kukuchukua,” akasema. “Gari lako liache hapahapa.”

Hapo nikajua kuna mtu amekufa.

Nilijua kwa sababu utaratibu ule niliuandika mimi. Mimi ni katibu wa jumuiya yetu Watanzania wa hapa, na kuna mwaka mwenzetu mmoja wa Lakeville alipewa habari ya msiba kwenye simu huku anaendesha, akaliingiza gari mtaroni. Tukakaa kikao, tukakubaliana: mfiwa haambiwi kwa simu. Nyumbani wakipiga, wanampigia mke au mume, au mwenyekiti. Mtu mmoja anakwenda kumchukua, hamwachi ashike usukani, anachukua na simu yake. Hapewi neno lolote mpaka afike kwake, akae, ale, kwa sababu akishaambiwa hatatia kitu mdomoni siku mbili. Nimekwenda kuwachukua watu wanne kwa mtindo huo. Wote waliniuliza, wote niliwadanganya bila kupepesa macho.

“Nani?” nikamuuliza Nasibu.

“Nani nini?”

“Nasibu, usinifanye mtoto mdogo.”

“Twende, ndugu yangu. Hebu nipe simu yako kidogo, yangu imekwisha chaji.”

Uongo ule wa chaji nilimfundisha mimi. Nikampa simu.

“Nipe dakika ishirini nimalize,” nikamwambia. Akakaa pale kwenye kiti cha wageni, mikono katikati ya magoti, nami nikarudi mezani nikawachambua farasi sita. Watu nikiwasimulia hili hunitazama vibaya. Sasa nifanyeje? Vidole vilikuwa vinaijua kazi yao bila mimi. Nikaandika kwamba Mjomba Mkimya atashinda. Nikatuma. Nikavaa koti.

Tukashika barabara kuu namba mia kwenda kaskazini, kwetu Brooklyn Center. Nasibu akawasha redio, akaizima. Mimi nikaanza kuchambua watu wa kwetu. Sikuamua kufanya hivyo, ilikuja yenyewe, kichwa kimezoea.

Baba, miaka themanini na mbili. Tezi, presha, na sasa figo. Wiki mbili nyuma alilazwa, akatolewa, akakataa kula. Huyo ndiye aliyepewa nafasi kubwa, hakuna mbishi. Mama alikwisha tangulia zamani. Kaka yangu Francis anaendesha lori la samaki kati ya Bukoba na Mutukula na anakunywa. Huyo naye ana nafasi yake. Dada Alice wa Mwanza ana sukari lakini anajitunza kuliko daktari. Nikawapanga hivyo, Baba wa kwanza, Francis wa pili kwa mbali, na wala sikutoa hata chozi. Nilikuwa nahesabu tu ni nani nyumbani atakayeshughulikia jeneza.

Nikajijibu kwamba ni Irene. Irene ndiye kitinda mimba wetu, miaka ishirini na minne, na aliacha kazi ya ualimu Mwanza akarudi Kamachumu kumuuguza Baba, sisi wakubwa wote tukiwa tumekaa mbali na visingizio vyetu. Kila Jumapili hunipigia kunipa hali ya Mzee, halafu ananiuliza, “Haya kaka, nani kashinda?” Nikimsomea majina ya farasi yeye huchagua kwa jina lililomfurahisha, na mara mbili alinishinda, mshenzi yule, akanicheka wiki nzima. Kwa hiyo kama Baba amefariki, nikawaza, Irene ndiye aliyempigia Tulia. Nikaona nimepata pa kumbana Nasibu.

“Irene ndiye aliyepiga?” nikamuuliza.

Nasibu alivuta pumzi kama mtu aliyechomwa na mwiba. Akavua miwani, akajifuta macho kwa mkono wa shati, gari liko kwenye mwendo.

“Tutaongea nyumbani, Evo,” akasema. “Nakuomba.”

Basi, nikasema moyoni, ni Baba. Rafiki yangu ananionea huruma. Nikaegemeza kichwa kwenye kioo cha dirisha, nikamuaga Mzee pale pale kwenye barabara ya mia. Nikamwambia ameishi vizuri, ametusomesha, apumzike. Na nitasema ukweli, maana sina cha kuficha tena: nilisikia kama nafuu. Miezi sita nilikuwa nalala na kuamka na simu ile ya msiba, na sasa imekuja na nimeiweza.

Nyumbani mlangoni viatu vimejaa. Ndani wamekaa watu kama kumi na wawili, na hakuna anayeniangalia usoni. Mama Margaret, ambaye kwenye misiba yetu yeye ndiye jikoni siku zote, alikuwa ameshapika ndizi na nyama. Mwenyekiti wetu, Mzee Elkanah, mwalimu mstaafu wa Musoma, alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Tulia akanishika mkono akaniketisha mezani. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikashangaa kidogo, kwa sababu yeye na Baba hawakuwahi kupatana sana.

“Kula, baba,” akasema Mama Margaret.

“Najua mnachofanya,” nikawaambia. “Nimekiandika mimi. Semeni tu.”

“Kula kwanza, Evodius,” akasema Mzee Elkanah. “Uliandika mwenyewe, ule kwanza.”

Nikala. Nilikula sahani mbili, watu kumi na wawili wananitazama natafuna. Chakula hakikuwa na ladha, lakini sikuwa na sababu ya kukikataa. Nilipomaliza nikanawa, nikafuta mikono, nikasema kwa sauti kavu, “Haya. Nimeshiba. Mzee wangu amefariki saa ngapi?”

Mama Margaret akaweka mkono mdomoni. Tulia akaanza, “Evo, mume wangu,” lakini Mzee Elkanah akamzuia kwa kiganja.

“Wa nyumbani wametukataza tusikwambie sisi,” akasema. “Kuna mtu anataka akwambie mwenyewe.”

Alikuwa na kadi ya simu mkononi, ile ya dola tano ya kukwangua, akawa anasoma tarakimu zake kwa kuinyoosha mbali na macho, anabonyeza moja moja. Nikawaza ni Francis, kama mkubwa. Nikajiandaa kumsikiliza Francis akilia. Mzee akanipa simu. Upande wa pili kulikuwa na mvumo, kuku, watu wengi wanaongea kwa chini.

“Evo,” ikasema sauti.

Alikuwa Baba.

Nilicheka. Niliangua kicheko kikubwa mbele ya watu wote wale, nikaruka juu, kiti kikaanguka. “Baba! Baba, uko hai! Asante Mungu, uko hai!” Nikamgeukia Tulia nimwambie, ni Baba, yuko hai, wamekosea. Tulia alikuwa amejifunika uso kwa khanga. Hakuna aliyecheka pamoja nami.

“Mimi nipo,” akasema Baba. Sauti ilikuwa dhaifu lakini haikutetemeka. “Ni Irene, mwanangu. Irene ametutoka. Jana jioni. Alikwenda mjini kunichukulia dawa, pikipiki ikagongwa pale Muhutwe.”

Kicheko kilikuwa bado kimo kinywani mwangu. Sikujua nikipeleke wapi. Nilisimama na simu sikioni na meno nje, na nilikuwa najisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia maishani, wala sidhani kama itanitoka. Dada yangu amelala kwenye jeneza na mimi nimemshukuru Mungu kwa sauti.

“Nimekusikia ukicheka,” akasema Baba.

“Nisamehe, Baba.”

“Ulidhani ni mimi.”

“Ndiyo, Baba.”

“Huku nako wote walidhani ni mimi. Watu walifika na maturubai, wananiuliza mimi mwenyewe mlangoni Mzee amefariki saa ngapi.” Nikasikia anavuta hewa. “Hata mimi, Evo. Nilishamwandikia Irene kila kitu, shamba, nyumba, wapi anizike. Sasa ile karatasi naishika hapa, sijui nimpe nani.”

Mimi ninayeandika mistari minne juu ya kila mnyama aliyeumbwa, nikasema tu, “Pole, Baba.” Akasema, “Pole na wewe, mwanangu.” Hakuna aliyekata simu. Nilimsikiliza akipumua, pumzi fupi fupi za mzee mgonjwa, na kwa mara ya kwanza siku ile niliogopa: niliogopa kwamba atapumua hivyo miaka mingi, peke yake.