Komeo la Nje

Miaka ishirini na sita nafunga vitasa na makomeo, na sijawahi kumuuliza mteja mlango ni wa nini. Mama mmoja mwalimu aliponiambia komeo la chumba cha nyuma ya jiko likae nje, nilidhani ni stoo. Nikafungua nipime. Ndani mna mkeka, ndoo, na binti wa rika la mwanangu wa kwanza, kasimama na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," nikamjibu. Kisha, Mungu anisamehe, nikawasha drili.

"Msichana wangu wa kazi huyo," mama akasema. "Mwaka wa tatu huu. Kitambulisho chake ninacho, lakini akitoka tu, harudi."

Nilipomsimulia mke wangu, alinijia juu. "Mtoto wa mwenzio unamfungia kama kuku? Huo ni utumwa, na wewe umesaidia! Nenda serikalini, ama humu ndani hulali."

Nikaenda ofisi ya kazi. Afisa alinisikiliza huku anachokonoa meno.

"Mlalamikaji yuko wapi?"

"Si nimekwambia kafungiwa!"

"Basi akifunguliwa, aje ajaze fomu."

Lahaula! Nikapiga meza. Nikamuuliza, angekuwa bintiye, angengoja fomu? Watu kwenye foleni wakaitikia, "Mwambie, mzee!" Afisa akatoa kijiti mdomoni, akafunga mlango, akachukua kalamu.

"Haya. Shahidi mmoja tu aliyeliona komeo kwa macho yake aandike jina, nami naenda leo hii na polisi. Wewe uliliona?"

Mahakamani nitasema nini, na aliyelifunga ni mimi? Na nani atamwita tena fundi anayechongea nyumba za watu?

"Nilisikia tu."

"Fundi aliyelifunga je?"

"Simjui."

Aliniangalia kitambo. Alijua, naapa alijua. Mfuko wangu wa vifaa ulikuwa begani. Nilitamani aniulize mara ya pili. Hakuniuliza. Akairudisha kalamu mfukoni, tukaagana kwa heshima zote.

Mke wangu alikuwa ananisubiri mlangoni. "Umewaambia?"

"Nimewaambia."

Akafurahi, masikini. Akanipakulia, akakaa karibu yangu, akasema leo ndiyo kajua kaolewa na mwanamume. Niliona haya hata kumtazama. Nikala. Yule binti yumo mle hadi leo.